Okomo Arudi Ziwani

Gidion Okomo alipoteza macho yake Jumatano moja ya mwezi wa nane, mwaka 1995, mchana kweupe, kwenye uwanja wa gereji bubu pale Igoma, Mwanza. Alikuwa ameinamia betri ya Isuzu ya kubebea pamba iliyokataa kuwaka, mwenzake akiunganisha nyaya kutoka gari jingine. Betri ikapasuka. Asidi ikamrukia usoni, na kabla hajamaliza kupiga yowe, mwenzake huyo, Ngosha Masele, alikuwa ameshakamata ndoo ya maji na kuanza kummwagia. Alimmwagia ya kwanza, ya pili, ya tano, huku akilia kuliko majeruhi mwenyewe. Hospitali walimlaza wiki sita. Daktari akamweleza kwa upole kwamba vioo vya macho yote mawili vimeungua, na kwamba kuanzia sasa ataweza kutofautisha mchana na usiku, basi.

Watu wa gereji walisema betri ilikuwa mbovu. Siku hizo za soko huria spea za kila namna ziliingia mjini, za kweli na za kubabaisha, na hakuna aliyeshangaa kusikia betri imepasuka. Ngosha aliwasikia wakisema hivyo. Hakuongeza neno, wala hakupunguza.

Wawili hao walikuwa wamejuana miaka kumi na mitatu, tangu walipoajiriwa siku moja kwenye karakana ya chama cha ushirika. Okomo alikuwa Mjaluo wa Rorya, kule Mara, aliyevua samaki kabla ya kujua kusoma. Ngosha alikuwa Msukuma wa Misungwi, wa ndani kwenye ng'ombe, na alipofika Mwanza mara ya kwanza hakuthubutu kuingia ziwani hata kwa kuosha miguu. Okomo ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuvua. Ulimi wa Okomo haukuwahi kuizoea "sha", kwa hiyo alimwita Ngosa, na Ngosha mwenyewe aliacha kumsahihisha tangu mwaka wa kwanza.

Kila Jumamosi walikwenda ziwani. Hawakuwa na mtumbwi wala hawakuutaka. Walivua wakiwa juu ya jiwe, kwa mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kopo tupu la maziwa, ndoana moja, na nati ya gari ya kuuzamisha. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ushirika ukayumba, magari yake yakapigwa mnada na mafundi wakapunguzwa kazi. Wao wakabeba spana zao, wakaenda kutengeneza magari ya hao hao wafanyabiashara pale Igoma. Mengi yalibadilika, lakini Jumamosi ilibaki Jumamosi.

Baada ya hospitali, Okomo alikaa kwenye kiti mlangoni kwake Mkuyuni, asitoke. Ngosha alipita kila jioni akitoka kazini. Alivuta kigoda, akakaa. Mmoja akisema mvua haijanyesha, mwingine alijibu kweli haijanyesha, na hapo mazungumzo yakaisha.

Jioni moja ya mwezi wa kwanza, Akelo, mke wa Okomo, alimsindikiza Ngosha mpaka barabarani. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeuza nyanya na vitunguu sokoni, asiyezoea kuzunguka akisema jambo.

"Shemeji, nitakwambia kitu, usinichukie."

"Sema, Mama Favour."

"Ukija, mnakaa kama watu wako msibani. Ukiondoka anakuwa vibaya zaidi. Jana alikataa hata kunyolewa. Ama mtoe hapo kwenye kiti, ama punguza kuja."

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa halijapanda, Ngosha alibisha hodi akiwa na makopo mawili ya mshipi.

"Vaa viatu," alimwambia Okomo.

"Tunakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Nikafanye nini ziwani?"

"Ukakae. Kama ni kukaa, kaa penye upepo."

Okomo alisonya, lakini Akelo alikuwa ameshamletea viatu. Ngosha akamshika mkono. Walifuata reli inayopita Mkuyuni, wakaenda nayo hadi kwenye kalavati, kisha wakateremka kwa kijia kati ya bustani za mchicha mpaka ufukweni. Huko kulikuwa na jiwe pana lililoingia majini kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Lilikuwa jiwe lao. Okomo alipolikanyaga, alivua viatu bila kuambiwa, akaligusa kwa nyayo, akasimama hivyo kwa muda.

"Nipe mshipi," alisema.

"Nitakurushia mimi, wewe ushike tu."

"Nimesema nipe."

Alirusha jinsi alivyorusha miaka yote, kwa kuuzungusha mshipi kichwani. Lakini mkono usio na jicho haukujua ulipo. Nati ilipiga jiwe, mshipi ukajivuruga miguuni, na alipouvuta kwa hasira, ndoana ikazama kwenye dole gumba lake. Pale karibu alikuwepo wakala mmoja wa wanunuzi wa sangara, kijana mwenye kofia, ameketi juu ya sanduku lake la barafu akisubiri mitumbwi.

"Mzee, samaki hawakamatwi kwa kupapasa!" alisema, na waliokuwa naye wakacheka.

Ngosha aliokota mawe mawili, akawageukia. Okomo akamzuia. "Waache. Nitoe hiki kitu."

Ngosha aliikata ndoana kwa koleo, akaisukuma mpaka ikatokea upande wa pili. Walipofika mlangoni Okomo alisema, "Hilo kopo usiondoke nalo. Liache hapa."

Kesho yake Akelo alisikia mlio uani, kama mtu anarushia bati mawe. Alipotoka alimkuta mumewe amesimama karibu na ukuta, mshipi mkononi, beseni lake la kufulia likiwa hatua kumi na mbili mbele yake. Okomo alirusha nati, akasikiliza ilipoangukia, akavuta, akarusha tena. Hakuuzungusha tena kichwani. Aliushika chini, usawa wa goti, akaubembeza mara tatu kisha akauachia. Ikigonga beseni, alirudi nyuma hatua moja.

"Baba Favour, beseni langu!"

"Nitakununulia jingine."

"Utaninunulia lini? Chukua debe lile bovu."

Akachukua debe bovu. Alirusha asubuhi, alirusha jioni, mpaka majirani wakaacha kuchungulia. Alijifunza kufunga ndoana kwa vidole na meno, na vidole vyake vikajaa vidonda vidogo vidogo. Ngosha alipomwambia Jumamosi twende, alikataa. "Nitarudi siku nitakayorusha bila mtu kukimbia," alisema. Ilimchukua wiki kumi. Kiti cha mlangoni kikabaki kitupu muda mwingi, kuku wakalala juu yake.

Walirudi jiweni mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekoroga maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Okomo alirusha mara ya kwanza, nati ikaenda mbali na kuzama vizuri. Ngosha alicheka kwa furaha. Siku hiyo walipata sato wawili wadogo, na Jumamosi iliyofuata hawakupata kitu. Ya tatu, Okomo alitia samaki mdogo, furu mzima, kwenye ndoana, akarusha, akaupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada na kutulia.

Yapata saa nne asubuhi mshipi ulikwenda. Haukutikisika kwanza, ulikwenda tu, kama umefungwa kwenye gari. Okomo akasimama.

"Sangara!" Ngosha alipiga kelele. "Mkubwa! Ngoja nishike..."

"Usiguse!"

"Utakukata mkono!"

"Na unikate. Ni mkono wangu."

Samaki alikwenda kulia, Okomo akageuka naye. Samaki aliruka juu ya maji, akatikisa kichwa, akapiga maji kwa kishindo, na Okomo akalegeza mshipi wakati ule ule, kana kwamba amemwona. Damu ilimtoka kiganjani. Alivuta pima moja, akaachia nusu, akavuta tena. Hata yule wakala mwenye kofia aliliacha sanduku lake, akaja kusimama nyuma bila kufungua mdomo. Ngosha alitaka kumwelekeza, kumwambia samaki yuko wapi, lakini Okomo alimkatiza: "Nyamaza. Mkono unaniambia."

Mwisho alimleta kwenye ufa wa jiwe. Akapiga magoti, maji yakamfika kifuani, akaufuata mshipi kwa mkono wa kushoto hadi akaligusa domo. Alipapasa pembeni, akakwepa mfupa mkali wa shavu, akaingiza vidole kwenye matamvua na kunyanyuka. Sangara alikuwa na urefu wa kutoka kiunoni mpaka chini. Watu walipiga makofi. Okomo aliketi juu ya jiwe, samaki akiwa mapajani, maji yakimchuruzika, akacheka mpaka akapaliwa. Tangu mwezi wa nane hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka.

Watu walipotawanyika, alitafuta bega la Ngosha kwa mkono, akalikamata.

"Ngosa, nataka nikwambie, maana sijawahi kukwambia. Ile betri mbovu iliponipasukia, wengine walikimbia. Wewe ulikuja na maji. Daktari alisema bila maji yale hata uso ningepoteza. Halafu umekuja kunitoa kwenye kile kiti. Ndugu yangu wa tumbo moja asingefanya hivyo."

Ngosha aliitazama ile sura yenye makovu ikimgeukia kwa shukrani, akaona hawezi kuibeba hata dakika moja zaidi.

"Okomo, betri haikuwa mbovu."

"Unasemaje?"

"Nilikosea waya. Mwekundu niliuchomeka kwenye hasi. Dereva alikuwa ananiharakisha, tukawa tunajibizana, sikuangalia. Niliona cheche, nikajua. Kabla sijachomoa, ikapasuka. Ni mimi."

Mkono wa Okomo ulibaki begani kwake kwa muda, kisha ukaondoka.

"Miezi minane," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Kila jioni unakuja nyumbani kwangu, unakaa na hilo kifuani."

"Ndiyo."

"Unakula ugali wa mke wangu."

"Ndiyo, Okomo. Niliogopa."

"Mimi sikuogopa? Siku nilipofunguliwa bandeji, mimi sikuogopa?" Alisimama. "Ondoka hapa."

"Nitakuachaje juu ya jiwe?"

"Nimesema ondoka."

Ngosha alirudi nyuma hatua kumi, akashindwa kwenda zaidi. Okomo alizungusha mshipi kwenye kopo, akamfunga sangara kwa kamba na kumtupa mgongoni, akateremka jiwe kwa makalio, akipapasa. Njia waliyozoea kuitembea kwa nusu saa ilimchukua zaidi ya saa mbili. Alianguka mara mbili. Mara ya pili samaki alimponyoka akaingia mtaroni, na Okomo akamtafuta kwa kutambaa kwenye matope. Ngosha alisogea.

"Usiniguse," Okomo alisema bila kuinua kichwa.

Alifika kwake, akaingia, akafunga mlango.

Jumamosi ya kwanza Ngosha alikwenda kubisha hodi. Akelo alitoka amechanganyikiwa. "Anasema hataki kukuona. Mmegombana nini? Hanielezi." Ngosha alirudi kwake. Jumamosi ya pili na ya tatu hakwenda. Kazini alifunga nati na kuzifungua tena. Mkewe, Getruda, alimuuliza usiku na mchana mpaka akamwambia yote. Getruda akasema, "Umefanya vizuri kusema. Ulifanya vibaya kuchelewa. Sasa usikimbie."

Wiki ya nne alikutana na Chenge, mfanyakazi wa reli aliyeishi Mkuyuni.

"Fundi, yule mwenzako umemwachia nani?" Chenge aliuliza. "Jumamosi nimemkuta relini, peke yake, anagonga chuma kwa fimbo. Nikamwambia mzee, hapa ni njia ya treni. Akanijibu treni ya Jumamosi anaijua saa yake kuliko mimi."

Jumamosi hiyo Ngosha aliamka alfajiri, akaenda kusimama kando ya reli, karibu na mahali Okomo angetokea. Okomo alitokea kweli. Alikuwa amechonga fimbo ndefu, kopo la mshipi liko kiunoni, chambo kwenye mfuko wa nailoni. Alitafuta reli kwa fimbo, akaipata, akaanza kwenda, fimbo ikigonga chuma na miguu ikihesabu mataruma. Ngosha alimfuata mbali, akikanyaga majani ya pembeni. Hakukusudia kumpeleleza. Alichokusudia hasa ni kuzungumza naye, ila kila alipotaka kuita, aliahirisha.

Walipokuwa katikati ya safari, Ngosha aliona kitu kinakuja kwa mbele. Haikuwa treni. Kilikuwa kiberenge, kile kigari kidogo cha wafanyakazi wa reli ambacho hakina saa maalumu, na kilikuwa kinateremka kwa kasi. Ngosha alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Okomo alikuwa amesimama. Fimbo yake ilikuwa imelala juu ya chuma, na chuma kilikuwa kinatetemeka. Aliinua fimbo, akatoka nje ya reli hatua mbili, ya tatu, akageuza uso pembeni kukwepa vumbi. Kiberenge kikapita. Watu waliokuwa juu yake walimtukana, na Okomo akawapungia fimbo. Kisha akaitafuta reli tena, akaendelea.

Ngosha alikaa chini.

Ngosha alipofika ufukweni, Okomo alikuwa ameshapanda jiweni. Lakini ziwa halikuwa ziwa la wiki nne zilizopita. Upepo wa usiku ulikuwa umeleta magugu maji, yale majani mabichi yenye maua ya zambarau yaliyoanza kuitesa Mwanza miaka hiyo, yakajazana mbele ya jiwe kama shamba. Okomo hakujua. Alirusha mshipi, nati ikaanguka bila mlio wa maji. Akainamisha kichwa. Akavuta, ndoana ikaja na fungu la majani. Akarusha tena, ikawa vile vile. Akayavuta yale majani karibu, akayanusa, akayatupa.

Ngosha alijua mtu mwingine yeyote angerudi nyumbani. Wavuvi wa pale walikuwa wameshaondoka. Okomo alichuchumaa, akakusanya vijiwe mfukoni, akaanza kuvirusha kimoja kimoja, kuanzia kulia kwenda kushoto, akisikiliza. Pa. Pa. Pa. Vyote viliangukia majani. Akasogea, akashuka kwenye jiwe la chini lenye utelezi kwa magoti na viganja, akarusha vingine. Pa. Pa. Halafu, upande wa kushoto kabisa, chubwi! Akarusha cha pili palepale. Chubwi! Akasogea hatua moja zaidi, akashika mwamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaubembeza mshipi mara tatu na kuuachia. Nati ilizama kwenye uwazi usiozidi upana wa chumba kimoja.

Hapo Ngosha alikohoa.

"Ni mimi," alisema.

Okomo hakugeuka. "Umeanza kunifuata wapi?"

"Tangu kwenye reli."

"Ulikiona kiberenge?"

"Nilikiona."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilifungua mdomo, ukawa umeshatoka."

"Vizuri," Okomo alisema. "Ungepiga kelele ungenichanganya."

Ngosha aliketi kwenye jiwe la juu. Mitumbwi ilipita mbali, nje ya magugu. Okomo aliuvuta mshipi, akaurusha tena, kisha akazungumza, uso wake bado umeelekea maji.

"Nimefikiria sana, Ngosa. Nimefikiria mpaka kichwa kimeuma. Waya, mtu yeyote anaweza kukosea. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau breki za lori la ushirika, unakumbuka, likaingia ofisini kwa mhasibu. Waya ninaweza kuumeza. Ile miezi minane ndiyo imenikwama kooni. Kila mtu alinionea huruma, na wewe peke yako ulikuwa unajua, ukaniacha nilaani betri."

"Sina cha kujitetea."

"Usijitetee. Sikiliza. Akelo sijamwambia. Leo hii utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Na Jumatatu utawaambia wale wa gereji, maana wapo pale wanaounganisha betri wakipiga soga."

"Nitasema. Halafu?"

"Halafu sijui. Sijafika huko."

Siku hiyo walirudi pamoja, Okomo mbele na fimbo yake, Ngosha nyuma hatua kumi. Okomo alikuwa na sato mmoja.

Akelo alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alipowaona wote wawili alifurahi, akasimama kumwekea Ngosha chai. Ngosha hakukaa. Alisema akiwa wima, kuanzia dereva aliyemharakisha hadi cheche, hadi kunyamaza kwake. Akelo alisikiliza kikombe kikiwa mkononi. Ngosha alipomaliza, Akelo aliimwaga ile chai chini, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Mwanangu anakuita baba mdogo," alisema. "Nilikuombea kanisani. Nilisimama mbele ya watu nikakuombea."

"Nisamehe, shemeji."

"Usiniite shemeji. Ondoka."

Aliondoka. Jumatatu aliwaita mafundi wote wa uwanja, akawasimulia. Kuna aliyetema mate. Kuna wateja wawili waliohama. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiinua nyaya za betri, wengine walinyamaza mpaka amalize.

Jumamosi zilizofuata Ngosha alikwenda kusimama kando ya reli, na Okomo akipita alisema, "Haya," basi, wakaenda. Hatua kumi zikawa tano. Mwezi wa saba wakawa wanatembea sambamba, Okomo upande wa chuma, bila kushikwa mkono. Walianza kubishana tena kuhusu chambo. Lakini nyumbani kwa Okomo, Ngosha aliishia njiani. Akelo akimkuta sokoni alimpita kama anavyopita mti.

Ilikuwa mwezi wa kumi, Jumapili mchana, Getruda alipomwita mumewe mlangoni. Akelo alikuwa amesimama pale nje, na kitenge cha kanisani, amekataa kuingia.

"Sikuja kusalimia," alimwambia Ngosha. "Macho yake huwezi kuyarudisha, na mimi moyo wangu bado haujatulia, nisikudanganye. Lakini nimechoka kuhangaika peke yangu. Mume wangu hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi. Bado ni fundi. Usiku nikigeuka namsikia anataja magari yanayopita barabarani, hili bomba limetoboka, lile nozeli ya kurushia dizeli imekufa. Hakosei. Kesho umpeleke Igoma."

"Nitampeleka."

"Umpeleke afanye kazi. Sitaki akakaliswe kivulini apewe soda."

"Nimekuelewa, Mama Favour."

Akelo aliitikia kwa kichwa, akageuka kwenda. Baada ya hatua chache alisimama. "Atakuja na chakula chake," alisema bila kutazama nyuma. "Nitaweka cha wawili."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na Fuso uwanjani, limetoka Sengerema kwa kivuko cha Kigongo likitoa moshi mweusi na kukosa nguvu kwenye milima. Mafundi wawili walikuwa wameshafungua nusu ya injini na kuifunga. Okomo aliteremka kwenye basi na fimbo yake, akasalimiana na watu, wengine wakishindwa kumtazama. Ngosha alimwambia dereva awashe gari. Dereva aliangalia makovu, akaangalia fimbo, akataka kusema kitu. Akawasha.

Okomo alisogea mpaka ubavuni mwa injini. Aliweka kiganja kwenye mfuniko, akakihamisha, akainamisha sikio. Uwanja mzima ulitulia. Alikaa hivyo kwa muda mrefu sana, mpaka dereva akaanza kukohoa.

"Ongeza moto kidogo," Okomo alisema. "Punguza. Zima." Alipangusa mkono kwenye suruali. "Nozeli ya tatu. Zingine msiziguse."

Dereva alimgeukia Ngosha kutafuta uhakika.

"Usiniangalie mimi," Ngosha alisema, akichukua spana. "Fundi amekwambia ni ya tatu."